Mrejesho: yale maswali ya mtihani yaliyonichefua

Wakuu, narudi. Mara ya mwisho nililalamika kwamba mtihani wa baiokemia ulituuliza mwanasayansi Hans Krebs alichapisha mwaka gani mzunguko wake, yaani zile hatua za kemikali ambazo seli hutumia kupata nishati kutoka kwenye chakula, kana kwamba mgonjwa atapona akiambiwa 1937. Wengi mlinishauri niache kunung'unika, nimfuate mhadhiri nikiwa na malengo ya somo mkononi.

Nikaenda. Nilimwonyesha maswali sita yasiyogusa lengo hata moja. Nikamwambia angeweza kuuliza kwa nini mtu aliyepungukiwa vitamini B1 hushindwa kuingiza piruveti (kinachobaki sukari ikivunjwa) kwenye mzunguko huohuo na kuishia na beriberi, ugonjwa wa neva na moyo. Hapo angejua nani ameelewa na nani amekariri. Alikaa kimya, kisha akakiri kuwa matatu kati ya hayo yalirithiwa kutoka mitihani ya zamani na hakuna aliyeyapitia. Yamefutwa, alama zimepangwa upya. Mimi nimepanda alama mbili tu, msinicheke.

Sasa aibu yangu. Swali la G6PD, kimeng'enya kinacholinda chembe nyekundu za damu, ndilo nililitukana kuliko yote. Wiki iliyopita wodini, mgonjwa aliyekuwa anatumia primakwini, dawa ya malaria, alianza kukojoa mkojo mweusi kama kahawa. Daktari akauliza sababu. Nilijibu mara moja, kwa kuwa nililikosa lile swali nikaenda kulisoma kwa hasira: kimeng'enya hicho kikipungua, dawa hiyo huweza kupasua chembe nyekundu za damu.

Lakini la mwaka wa Krebs bado nasema lilikuwa upuuzi.