Naomba ushauri: mdogo wangu aingie drafti ya NFL mwaka huu au abaki chuoni?

MwanaNyarugusu: Wakuu, heshima kwenu. Familia yetu ilipitia kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu kabla ya kuhamia Texas, na mdogo wangu, aliyefika huku akiwa mtoto, sasa anacheza futiboli ya Marekani katika chuo kikuu. Ni mkimbiaji, yaani yule anayekabidhiwa mpira na kwotabeki (anayeongoza mashambulizi na kurusha pasi) ili aupenye ukuta wa wapinzani. Yuko mwaka wa pili, na mwisho wa kujiandikisha kwa drafti (ambapo timu za NFL, ligi kuu ya mchezo huo, huchagua wachezaji chipukizi kwa zamu, raundi kwa raundi) ni katikati ya Januari. Wakala mmoja anasema atachaguliwa raundi ya tatu, na chuo nacho kiko tayari kuendelea kumlipa akibaki. Aende au abaki? Mama halali, nami silali.

BiHesabu: Pole sana kaka. Ligi hii ina kikomo cha jumla ya mishahara ya kila timu tangu mwaka 1994, na mwaka 2025 kila timu iliruhusiwa dola milioni 279.2. Tangu makubaliano ya 2011 kati ya wamiliki na chama cha wachezaji, malipo ya chipukizi hupangwa na namba aliyochaguliwa. Mwaka 2010 Sam Bradford, aliyechaguliwa wa kwanza, alisaini miaka sita kwa dola milioni 78, na milioni 50 kati ya hizo zilikuwa na dhamana. Mwaka uliofuata Cam Newton, kwa namba ileile, alisaini miaka minne kwa milioni 22. Mdogo wako atakuwa na machache sana ya kujadili: atafungwa miaka minne, na hawezi kuomba mkataba mpya kabla ya kumaliza msimu wa tatu. Kwa hiyo uamuzi mkubwa mlio nao ni lini miaka hiyo minne ianze kuhesabiwa, maana miguu ya mkimbiaji huchoka katika miaka ileile anayolipwa kidogo.

MzeeKasulu: Mwanangu, abaki amalize shahada. Mpira una mwisho, na goti halina rufaa. Kijana wangu alikuwa hodari wa mbio shuleni, akaacha masomo kufuata ahadi za watu, na leo ananiomba nauli.

ShabikiWaKC: Mimi ninaishi Kansas City, niruhusuni nieleze upande wa timu. Kwa kuwa namba ndiyo inayopanga bei, timu inayomchukua kwotabeki katika namba ya 10 humlipa sawa na ambavyo ingemlipa mkimbiaji katika namba hiyo, ilhali sokoni kwotabeki mzuri ni ghali mara kadhaa zaidi. Ndiyo maana mwaka 2017 timu yetu, Chiefs, walitoa namba ya 27, nafasi ya raundi ya tatu, na nafasi yao ya raundi ya kwanza ya mwaka uliofuata, ili wapande hadi namba ya 10 wamchukue kwotabeki Patrick Mahomes. Lakini mkimbiaji Isiah Pacheco walimpata 2022 katika raundi ya saba tu, namba ya 251, na akatwaa nao Super Bowl (fainali ya ligi) mbili. Hata timu ya Seattle, Seahawks, walipotwaa ubingwa wa msimu wa 2013, kwotabeki wao Russell Wilson alikuwa wa raundi ya tatu, na mkataba wake wote wa miaka minne haukufika dola milioni 3. Nafasi iliyobaki chini ya kikomo iliwalipa wengine. Nilikuwepo kwenye gwaride letu la ubingwa la Februari 2020, katika baridi kali, na sijapata kuona mji ukifurahi vile.

MwanaNyarugusu: Nashukuru kwa historia, lakini bado sijajua aende au abaki. Mimi naona aende. Saquon Barkley ni mkimbiaji, na mwaka 2024 timu ya Philadelphia, Eagles, walimpa dola milioni 37.75 kwa miaka mitatu.

BiHesabu: Barkley alichaguliwa wa pili mwaka 2018, na hata hivyo alisubiri hadi msimu wake wa saba kuupata mkataba huo. Kamati ya ushauri ya ligi, inayomkadiria mchezaji wa chuo raundi atakayochaguliwa, iliwajibu nini? Najua jibu lake huwa moja kati ya matatu: raundi ya kwanza, raundi ya pili, au abaki chuoni. Raundi ya tatu haimo.

Mdadisi: Wakuu, mnapoteza muda. Ameandika kwamba kijana yuko mwaka wa pili. Kanuni ya NFL inataka miaka mitatu ipite tangu mchezaji amalize sekondari, kwa hiyo kijana wa mwaka wa pili hawezi kuingia drafti. Hadithi hii imetungwa.

ShabikiWaKC: Hata mimi nilishangaa kuona mtu anaijua bei ya Barkley lakini hajui kanuni hiyo.

MwanaNyarugusu: Sijatunga lolote. Alimaliza sekondari miaka mitatu iliyopita. Mwaka wake wa kwanza chuoni aliumia goti, akapumzishwa bila kucheza, na mwaka huo haukuhesabiwa, kwa hiyo huu ni wa pili wa kucheza ingawa ni wa tatu wa masomo. Kamati ilisema abaki. Wakala anasema kamati huwa na tahadhari kupita kiasi.

Mdadisi: Basi kanuni inamruhusu, na neno langu nalifuta. Sasa tueleze kwa nini mnamwamini wakala kuliko kamati.

MwanaNyarugusu: Kwa sababu ametusaidia. Mwezi uliopita alitupa fedha za nyumba ya mama, na mdogo wangu alisaini karatasi ya kuwakilishwa naye. Mnielewe: kodi ilikuwa imepanda na mama alikuwa anahamishwa. Ningefanya nini?

BiHesabu: Kaka, hili ndilo lililopaswa kutangulia. Mkataba na wakala wa NFL, pamoja na fedha zilizotolewa kwa matarajio ya drafti, huweza kumwondolea haki ya kucheza chuo. Huenda mlango wa kubaki umeshafungwa. Nendeni ofisi ya kanuni ya chuo mkiwa na karatasi hiyo, pamoja na mwanasheria asiyemjua wakala. Kifungu cha marejesho kinasemaje?

MwanaNyarugusu: Zirudishwe baada ya drafti, achaguliwe asichaguliwe. Lakini akichaguliwa raundi yoyote atazilipa.

BiHesabu: Raundi ya saba bonasi ya kusaini ni kama dola laki moja hivi kabla ya kodi, na mshahara wa chini wa chipukizi, uliokuwa dola 840,000 mwaka 2025, huhesabiwa kwa wiki za msimu, tena akiwa bado kikosini. Mpangieni deni hilo bila kuutegemea mshahara. Na ikiwa hatachaguliwa, atakuwa huru kuchagua timu, jambo ambalo wa raundi ya saba hana. Mkataba wake utakuwa wa miaka mitatu, na unaweza kujadiliwa upya baada ya miwili. Austin Ekeler hakuchaguliwa mwaka 2017, akaenda timu ya Chargers, na Machi 2020 akasaini miaka minne kwa dola milioni 24.5. Aangalie timu yenye wakimbiaji wachache ambao mikataba yao inakaribia kuisha, hata kama nyingine itamwongezea bonasi kidogo.

MwanaNyarugusu: Ofisi ya chuo imetupa nafasi Jumatatu. Nitaibeba karatasi yenyewe, na mama atakuja nasi.