Ngawira ya D&D: vitu vya uchawi mnagawaje bila kununiana?

Kete_Mbovu
Wadau, naomba mwongozo. Tunacheza Dungeons & Dragons (D&D) toleo la 5, mchezo wa mezani wa kuigiza wahusika kwa kete, kundi la wanne: mpiganaji, mchawi, kasisi na mwizi, wote daraja la 4. Pangoni kumetoka shaba 2,300, fedha 1,400, dhahabu 460, vito 6 vya dhahabu 50 kila kimoja, upanga wa +1 (unaongeza 1 kwenye kete za kushambulia), joho la kinga, kifimbo cha mishale ya uchawi na chupa 2 za dawa ya kuponya. Sarafu si tatizo, tunagawa kwa nne. Kwenye vitu tumepiga kete, mchawi kajishindia upanga, mpiganaji kanuna. Ninyi mnatumia utaratibu gani?

Mweka_Hazina
Hata hizo sarafu msigawe kwa nne, gaweni kwa tano. Fungu la tano ni kibubu cha kundi.

Geuza kila kitu kuwa dhahabu kwanza. Shaba 100 ni dhahabu 1, fedha 10 ni dhahabu 1, kwa hiyo 23 + 140 + 460 + 300 za vito = 923. Kwa tano: dhahabu 184 na fedha 6 kila fungu. Kila mchezaji achukue kito kimoja na sarafu za 134.6, kibubu kibaki na vito viwili na 84.6. Vito msiviuze kwa haraka, havipotezi thamani sokoni kama silaha za kawaida, ambazo huuzwa nusu bei. Halafu ni vyepesi: sarafu 50 ni pauni 1, hiyo shaba peke yake ni pauni 46, na thamani yake yote ni dhahabu 23! Mkifika mjini, ibadilisheni kabla ya jambo lingine.

Kibubu kinalenga almasi ya dhahabu 300. Kasisi akifika daraja la 5 anaweza kwa almasi hiyo kumfufua aliyekufa kabla dakika moja haijapita, lakini inateketea kila mara. Kundi lisilo na kibubu huanza kuchangishana maiti ikiwa chini, na hapo dakika imeshapita.

Bahasha4
Kwa vitu vya uchawi kuna mnada wa bahasha, njia ya Mpolandi Bronisław Knaster, ambayo Hugo Steinhaus aliiandika mwaka 1948. Kila mtu anaandika kwa siri kitu kina thamani gani kwake. Tuseme upanga, kwa dhahabu: mpiganaji 120, mwizi 80, kasisi 40, mchawi 0. Haki ya kila mmoja ni robo ya alichoandika mwenyewe: 30, 20, 10, 0. Mpiganaji anachukua upanga na kuweka mezani 120 − 30 = 90. Wenzake wanachukua 20, 10 na 0, zinabaki 60, wote wanne wanagawana 15 kila mmoja. Mwishowe mpiganaji katoa 75, mwizi kapata 35, kasisi 25, mchawi 15. Kila mtu kapata zaidi ya robo aliyoidai.

Angalizo: mwizi akihisi mpiganaji ataandika 120, anaweza kuandika 110 ili avune 5 na ushee za ziada. Akikosea hesabu akapita 120, upanga ni wake na atalipa.

Mweka_Hazina
Mkuu, hesabu imenyooka, ila mnada unafaa kwa vitu vya kuuza. Upanga ukiangukia kwa asiyepigana nao, anayeumia ni kundi zima. Mimi naangalia nani atautumia kila raundi. Upanga kwa mpiganaji, basi.

Kifimbo ndipo wengi wanapokosea, wanampa mchawi kwa sababu ni cha uchawi. Hakihitaji kufungamana nacho (yaani mhusika kujiunganisha na kitu kwanza ndipo kimfanyie kazi), yeyote anakitumia, na mishale yake haikosi. Mchawi anayo tayari. Mpe kasisi, ambaye mbali hana cha kurusha kisichokosa kama hicho. Kina chaji 7, yaani akiba ya nguvu ya kurushia. Ya mwisho msiiguse ovyo, maana ukiitumia unapiga kete ya pande 20, ikitoka 1 kinageuka majivu.

Joho linahitaji kufungamana nalo, na mhusika mwisho wake ni vitu 3. Apewe mchawi: +1 ya joho kwenye kete za kujinusuru inamsaidia asipoteze umakini wa kushikilia uchawi wake akipigwa. Dawa zikae kwa mpiganaji na mwizi. Kasisi mwenyewe akianguka na chupa zote ziko kwenye mkoba wake, mnaanza kumpekua vitani.

Mwizi hajapata kitu cha kudumu, kwa hiyo andikeni jina lake liwe la kwanza kwenye foleni ya pango lijalo.

Pande20
Ongezeni kanuni moja mapema: mhusika akifa, vitu vyake vinaingia kibubuni. Mhusika mpya huja na vifaa vya daraja lake. Akirithi na vya marehemu, mchezaji huyo ana mafungu mawili. Na mwizi wa kuchomoa vito kabla wenzake hawajaona, hilo mmalizane wachezaji wenyewe kabla ya kuanza. Msimwachie mwendesha mchezo.

Kete_Mbovu
Nimewaelewa. Kwa hiyo mchawi anarudisha upanga na kupewa joho. Foleni ya vitu inaandikwa wapi, kila mtu kwenye karatasi yake?

Mweka_Hazina
Karatasi moja, na asiishike mwizi.