Msaada: mbwa wako ni baba, je, ni baba yako? Nimekwama na hoja za Wasofisti

Kinda_la_Falsafa:
Wakuu, heshima mbele. Niko mwaka wa kwanza, nasoma mantiki, na Jumatano kikundi chetu kinasimama mbele ya darasa kueleza hoja moja iliyomo kwenye Euthydemus, kitabu cha mazungumzo cha Plato. Kwa wasioijua: ndugu wawili Wasofisti (walimu wa kulipwa wa ufasaha na ubishi), Euthydemus na Dionysodorus, wako Athens wanafundisha kwa malipo namna ya kumwangusha mtu kwa maneno, awe amesema kweli au uongo. Dionysodorus anambana kijana anayeitwa Ctesippus. Una mbwa? Ninaye, mkorofi kweli. Ana watoto? Anao, wakorofi kama yeye. Kwa hiyo mbwa huyo ni baba? Ndiyo. Na ni wako? Ni wangu. Basi ni baba na ni wako, kwa hiyo ni baba yako, na wewe ni ndugu wa hao watoto wa mbwa.

Nusu ya kikundi wanasema kosa ni neno moja kubeba maana mbili. Mhadhiri katuachia swali: "Neno lipi, na maana hizo mbili ni zipi?" Tangu hapo tunabishana tu. Kila mtu anaona hoja ni ya kipuuzi, ila hakuna anayeweza kuweka kidole mahali ilipoharibika. Nisaidieni. Na je, tukariri yale makosa 13 ya hoja aliyoyaorodhesha Aristotle yote au tushike hili moja?

Chumvi_Kidogo:
Mkuu, mtu akinifikisha hapo kwenye watoto wa mbwa, mantiki tumeshaiweka pembeni 😂

Kinda_la_Falsafa:
Hahaha. Hata Ctesippus alicheka. Akaulizwa kama huwa anampiga huyo mbwa, akajibu ndiyo, maana wewe siwezi kukupiga. Akaambiwa basi unampiga baba yako.

Mwalimu_Mstaafu:
Kijana, mhadhiri wako hajauliza kwa bahati. Aristotle mwenyewe aliutaja ubishi huo katika kitabu chake kuhusu makanusho ya Wasofisti, sura ya 24. Anasema wapo wanaotatua hoja za namna hii kwa kudai neno kama "wako" lina maana nyingi, halafu anawakatalia. Sababu yake: ili useme neno lina maana mbili, lazima kweli watu walitumie kwa maana hizo mbili. Sasa nani anasema "mtoto wa fulani" akimaanisha mtoto ambaye fulani ni mmiliki wake tu, si mzazi wake? Hakuna.

Yeye kosa analiweka kwenye kundi la sifa zilizokutana kwa bahati. Mbwa ni baba, kwa upande wa watoto wake. Mbwa ni mali, kwa upande wa Ctesippus. Sifa zote mbili ni za kweli na zote ziko kwa mbwa mmoja, lakini kukutana kwake hakukupi ruhusa ya kuzifunga kamba moja. Mimi nina mpangaji ambaye ni daktari. Ni wangu kwa sababu ya kodi, ni daktari kwa sababu ya kazi yake. Daktari wangu? Hajawahi kunitibu hata mafua.

Kwa hiyo kila "ndiyo" ya Ctesippus ilikuwa sahihi. Kilichoharibika ni ile "kwa hiyo".

Bi_Mkubwa_Tanga:
Shikamoo Mwalimu. Naongeza kitu ambacho wanafunzi wengi wanakiruka: ule ulikuwa mchezo wenye kanuni. Mmoja anauliza, mwingine anajibu ndiyo au hapana. Humo humo Euthydemus, Socrates akiongeza neno la kufafanua jibu lake, wanamkasirikia. Anaulizwa kama anajua kwa kitu fulani, anajibu "kwa roho yangu", wanamwambia hakuulizwa hilo. Unaona? Ufafanuzi ndio wanaouogopa. Dakika chache mzitumie hapo.

Diogenes Laertius, mwandishi wa kale wa maisha ya wanafalsafa, ana kisa kitamu cha mwanafalsafa Menedemus. Mwenzake Alexinus alimuuliza kama ameacha kumpiga baba yake. Ukisema ndiyo umekwisha, ukisema hapana umekwisha zaidi. Menedemus akajibu kwamba hakuwa akimpiga wala hajaacha.

Kipanga_77:
Kwenye zile 13 msisahau kumshambulia mtu badala ya hoja yake. Ndiyo kosa kubwa la Wasofisti.

Mwalimu_Mstaafu:
Marahaba Bi Mkubwa. Kipanga, hilo halimo kwenye 13 za Aristotle. Zake ni sita zinazotokana na lugha na saba zisizotokana na lugha. Darasani msilitaje kwa jina lake, mtaaibika.

Kipanga_77:
Sawa mzee. Vipi zile pembe? Usichokipoteza bado unacho, pembe hujazipoteza, basi una pembe.

Bi_Mkubwa_Tanga:
Hiyo kwa kawaida anapewa Eubulides wa Miletus, karne ya 4 KK, mtu aliyempinga sana Aristotle. Inaanguka ukikataa sentensi ya kwanza: usichokipoteza unacho *kama ulikuwa nacho*. Ila msimweke Eubulides kapu moja na wale ndugu wawili. Anatajwa pia na hoja ya mwongo, mtu anayesema "ninasema uongo", na ya lundo la nafaka, ukitoa punje moja moja lundo linaacha kuwa lundo wapi? Hizo wanafalsafa wanabishania mpaka leo.

Kinda_la_Falsafa:
Shikamooni wazee wangu, mmenitoa gizani. Swali la mwisho: mbali na Wasofisti, kuna mwanafalsafa wa heshima aliyenaswa na kosa la namna hii?

Mwalimu_Mstaafu:
Melissus wa Samos, yule yule aliyeongoza meli za kisiwa chake kupigana na Athens. Aristotle anamtaja sura ya 5 ya kitabu hicho hicho. Melissus aliona kilichozaliwa kina mwanzo, ulimwengu haukuzaliwa, basi hauna mwanzo, hivyo hauna mpaka. Sentensi ya kwanza haijasema kwamba vilivyozaliwa *peke yake* ndivyo vyenye mwanzo. Jirani wa kosa hilo, sura hiyo hiyo: mvua ikinyesha ardhi inalowa, ardhi imelowa, basi mvua imenyesha. Kumbe kuna mtu kamwaga ndoo.

Kuhusu kukariri 13: msikariri. Someni sura ya 1, kuna mahali anasema majina ni machache kuliko vitu, na tunayatumia kama kokoto za kuhesabia. Asiyejua kuzihesabu anapunjwa. Kisha ya 5 na ya 24. Kwa Jumatano zinatosha.

Kinda_la_Falsafa:
Nimezipata zote tatu maktaba. Mpangaji wako daktari naomba kumwazima, Mwalimu.

Mwalimu_Mstaafu:
Mwazime, ila kodi ya mwezi huu bado hajalipa.