Acheni kuifananisha The Wheel of Time na Legend of the Seeker, mnatukera

Wakuu, salaam. Naomba nitoe dukuduku kabla halijanipasua. Kila baada ya muda anaibuka mtu na wimbo uleule: eti The Wheel of Time, tamthilia mpya ya kichawi, ndiyo Legend of the Seeker ya kizazi hiki, eti imeshaipita mbali, eti sisi tunaoitaja ile ya zamani tunasumbuliwa na utoto tu. Nimenyamaza vya kutosha. Leo hapana. Nitataja matukio ya tamthilia zote mbili hadi mwisho wake, kwa hiyo kama hujazitazama na hutaki kuharibiwa utamu, pita tu.

Nianze na nisiyoyapinga, maana najua ndiko mtakakokimbilia. Picha? Mpya inashinda, wala sibishi. Seeker ilikuwa msitu uleule wa New Zealand, mto uleule, na kijiji ambacho wiki hii kinaitwa hivi na wiki ijayo kinaitwa vile. Jeshi zima la Darken Rahl, yule mtawala katili, likisimama mbele ya kamera unaweza kulihesabu kwa vidole na chenji ikabaki. Richard, shujaa wake, akichomoa upanga lazima kila kitu kiende polepole, jani likidondoka unaliona mpaka linagusa ardhi. Uigizaji nao, mkitaka chukueni. Rosamund Pike akiwa mchawi Moiraine wa The Wheel of Time anaweza kukaa kimya kwenye kiti na bado ukamtazama yeye peke yake. Hakuna mtu ndani ya Seeker aliyekuwa na uwezo ule.

Sasa mmeshinda hayo yote. Mbona hakuna mhusika wa The Wheel of Time anayekaa moyoni kama Cara wa Seeker?

Hapo ndipo mnapobaki mnatafuta maneno. Na jibu liko kwenye hesabu ambayo hamtaki kuipiga. Legend of the Seeker ilianza Novemba 2008 ikamalizika Mei 2010. Sehemu 44 kwa mwaka mmoja na nusu hivi. The Wheel of Time ilianza Novemba 2021, sehemu yake ya mwisho ikatoka Aprili 2025. Sehemu 24 kwa zaidi ya miaka mitatu. Kuna atakayesema za siku hizi ni ndefu. Ndiyo, zinakaribia saa nzima na zile zilikuwa dakika arobaini na kitu. Zidisha mwenyewe, bado ile ya zamani inaongoza kwa saa kadhaa. Tena Seeker ilichota vipande tu kutoka vitabu vya Terry Goodkind ikaenda zake, wakati hawa wapya walijitwika vitabu 14. Kumi na vinne! Robert Jordan alitoa cha kwanza 1990, akafariki 2007 kazi haijaisha, Brandon Sanderson akaimalizia, cha mwisho kikatoka 2013. Mtu anabeba mzigo wa namna hiyo halafu anapanga sehemu nane kwa msimu. Huyo alikuwa na nia ya kufika kweli?

Najua mnavyozidharau sehemu za kujazia. Zile ambazo Richard, Kahlan na Zedd wanaingia kijiji fulani, wanakuta balaa lisilohusiana na safari yao, wanalitatua, wanaondoka. Mnasema zile ni kupoteza muda. Nyinyi ndio mlioomba zifutwe, zikafutwa, na haya ndiyo matokeo! Humo ndimo tulimojua kwamba Zedd, mchawi wa daraja la juu kabisa, anafikiria kwa tumbo. Humo ndimo tulimoona Richard hawezi kumpita mtu mwenye shida hata kama dunia inaungua nyuma yake, na kwamba tabia hiyo ndiyo inayomfanya awe Seeker (Mtafutaji), upanga ni nyongeza. Na humo ndimo tulimomwona Kahlan akitumia uwezo wake tena na tena: anamshika adui shingoni, macho yanakuwa meusi, yule mtu anaanguka magotini akiwa mtumwa wa mapenzi kwa maisha yake yote, na Kahlan mwenyewe anabaki hoi. Pembeni amesimama mwanaume anayempenda, ambaye akijisahau naye hata kidogo atamgeuza kuwa kama yule aliyepiga magoti. Hakuna aliyekaa chini akatuhutubia juu ya uchungu huo. Tulionyeshwa wiki baada ya wiki, mpaka ikafika mahali Kahlan akiinua mkono tu unajua anawaza nini. Ondoa zile sehemu "zisizo na maana" uone kama penzi lile litabaki na kitu zaidi ya maelezo.

Turudi kwa Cara, maana hapa ndipo hasira yangu inapokaa. Anatokea mwishoni mwa msimu wa kwanza akiwa adui. Ni Mord-Sith, wale wanawake wanaovaa mavazi ya ngozi nyekundu, waliochukuliwa wakiwa watoto na kuteswa mpaka wakawa watesaji, wanaobeba Agiel, ile fimbo inayomuumiza hata anayeishika. Msimu wa pili anasafiri na kina Richard. Kwa mwendo wa siku hizi angeshapewa hotuba moja ya machozi, muziki wa huzuni kidogo, na sehemu inayofuata ni rafiki wa watu wote. Seeker wakampeleka kijijini kwao, akakamatwa na kushitakiwa na watu walewale aliowaua ndugu zao. Na wale watu walikuwa na haki! Unatazama huku hujui umwombee nani. Baada ya hapo bado ikachukua sehemu nyingi sana kabla hajalainika, na alipolainika ilikuwa kwa vitu vidogo: jicho moja, neno moja la kejeli lililokuwa na upendo ndani yake. Tabrett Bethell alipewa nafasi ya kuijenga ile kazi taratibu, akaijenga.

Sasa mtazame Perrin, mmoja wa vijana wakuu wa tamthilia mpya. Sehemu ya kwanza kabisa ya The Wheel of Time, Trolloc, yale majitu yenye sura za wanyama, wanavamia kijiji, katika vurugu Perrin anamuua mke wake kwa bahati mbaya. Kwenye vitabu Perrin hana mke huyo. Wakamtungia mke, wakamwita Laila, wakamuua ndani ya sehemu hiyohiyo ili Perrin awe na huzuni ya kutembea nayo. Laila alikuwa mtu wa namna gani? Waliishi vipi? Walipendana au walishachokana? Tulimjua kwa dakika chache tu, halafu tukatakiwa tuomboleze msimu mzima na jamaa aliyekunja uso. Wenzangu, ile si huzuni, ile ni njia ya mkato. Mwandishi mwenye sehemu 22 za msimu mkononi hana haja ya kuua mke wa mtu ndani ya saa ya kwanza ili sisi tumwonee huruma stelingi.

Na Mat, kijana mwenzake Perrin, je? Mwigizaji wa kwanza, Barney Harris, aliondoka kabla utengenezaji wa msimu wa kwanza haujakamilika, ndiyo maana unaona wenzake wanapita mlangoni yeye anabaki nje kama aliyesahau kitu nyumbani. Msimu wa pili akaja Dónal Finn. Kwa hilo siwalaumu, waigizaji huondoka, janga la 2020 nalo lilivuruga kazi, na kwa maoni yangu Finn ni bora kuliko mwenzake. Ninachosema ni kwamba msimu wa kwanza uliisha Desemba 2021 na wa pili ukaanza Septemba 2023. Mtoto aliyezaliwa siku ile alikuwa anakimbia na kuvunja vyombo Mat mpya alipotokea! Wa zamani tulishamsahau, mpya hatumjui, na kuna sehemu nane tu za kufahamiana naye huku akigombania nafasi na Rand, Egwene, Nynaeve, Perrin, Moiraine, Lan, Aes Sedai (wale wanawake wachawi) wa kila rangi, Seanchan, Waliolaaniwa, na sijui nani tena. Kila msimu ukianza inabidi kwanza utafute muhtasari ujikumbushe nani anamchukia nani. Hiyo ni burudani au mtihani?

Kuna wale wa vitabu. Ndugu zangu, tulieni. Malalamiko yenu kwamba "wamebadilisha kitabu" hayana uhusiano na hili. Seeker nayo iliwakera wapenzi wa Goodkind, ilichukua majina na mifupa ikajijengea mwili wake. Ilifanikiwa kwa sababu ilipobadilisha, ilipata muda wa kuyaishi mabadiliko yake. Tamthilia si kitabu. Basi.

Kinachonitia uchungu hasa ni kwamba hawa watu waliweza. Msimu wa tatu, sehemu ya nne, Rand, shujaa mkuu, anaingia Rhuidean, mji mtakatifu wa Waaieli, anapita kwenye nguzo za kioo, anaishi maisha ya mababu zake kizazi baada ya kizazi kurudi nyuma, na Josha Stradowski ndiye anayewaigiza. Unawaona Waaieli, wale watu wa jangwani, walikuwa nani kabla hawajawa hawa wanaojifunika nyuso kwenda kuua. Ile sehemu niwekeeni mbele ya tamthilia yoyote ya kichawi, mpya au ya zamani, sitabisha. Seeker haikuwahi kupanda mpaka pale. Nasema hivyo mimi ninayewagombeza.

Halafu? Mwisho wa msimu huo Siuan Sanche, mkuu wa Aes Sedai, anauawa kwa kukatwa kichwa na Mnara Mweupe, makao yao, unabaki mikononi mwa mpinzani wake Elaida. Nynaeve anazama majini na hatimaye anavunja kile kizuizi cha uchawi wake kilichomtesa tangu mwanzo. Rand anasimama mbele ya Waaieli kama kiongozi waliyetabiriwa. Kila kitu kimepangwa, sasa ngoma ianze. Mwezi uliofuata, Mei 2025, likaja tangazo: hakuna msimu wa nne. Kwisha. Siuan kafa bure. Vita vya Mwisho tutavisikia kwa wasomaji. Vitabu 14, na sisi tumeachwa kwenye hadithi ya kitabu cha nne.

Kabla hujaandika "hata Seeker ilikatwa": ndiyo, ilikatwa baada ya misimu miwili, vituo vya televisheni vilipoacha kuinunua, na mashabiki walipiga kampeni ya kuiokoa wakashindwa. Lakini itazame sehemu ya mwisho. Mlinzi wa kuzimu ameshindwa. Richard na Kahlan wamepata jibu la lile swali lililowatenganisha sehemu zote zile. Kila msimu ulifunguliwa na kufungwa. Waliandika kama watu wasio na uhakika wa kesho, kwa hiyo wakatuheshimu leo. Hawa wapya wanaandika kama wana miaka nane mfukoni, kumbe hawana hata uhakika wa miezi minane.

Na wala si hawa tu. Shadow and Bone ilitoa sehemu nane mwaka 2021, nane nyingine 2023, kabla mwaka haujaisha ikazikwa. House of the Dragon bado iko hai, lakini sehemu kumi mwaka 2022, kisha kimya, kisha nane mwaka 2024, na msimu ukaishia majeshi yakiwa bado njiani kwenda vitani. Linganisheni na Merlin: sehemu 13 kila mwaka kuanzia 2008 hadi 2012, bila kuruka hata mwaka mmoja, 65 jumla. Lile joka la kompyuta lilikuwa linatia huruma, sawa, lakini Merlin alipomwambia Arthur siri yake mwishoni watu wazima walilia, kwa sababu tulikuwa tumeibeba ile siri pamoja naye kwa miaka mitano.

Sasa kuna kundi jipya, hawa ndio walionitoa mafichoni. Wanasema sisi watazamaji ndio tumeiua The Wheel of Time kwa sababu hatukuitazama kwa wingi ilipotoka, tulisubiri iishe kwanza. Hivi mnajisikia mnapoandika? Tumechomwa tamthilia ngapi kabla ya kujifunza kusubiri? Wenye tamthilia wanaikata tukiwa tumeipenda, tunaogopa kupenda nyingine, wanaikata hiyo nyingine kwa sababu tuliogopa, kisha nyinyi mnatutumia bili ya mazishi!

Kwa upande wangu, ikitangazwa nyingine ya vitabu kumi na kitu, nitaigusa siku nitakayoambiwa sehemu ya mwisho imeshatoka. Ikifa kwa sababu yangu, na ife.

Mliokuja kubishana kuhusu picha na mavazi, nimeshawapa ushindi huko juu, msirudie. Mwenye kutaka kumtetea Perrin aanze.