Mama haoni maandishi tena, lakini anataka kuigiza Krismasi. Ni kweli yule bosi wa James Bond naye haoni?

Binti wa Rau:
Habari za jioni wakuu. Niko Moshi, naishi na mama yangu, ana miaka 71. Kwa zaidi ya miaka ishirini yeye ndiye Elisabeti kwenye igizo la Krismasi hapa usharikani kwetu, mpaka watoto wa mtaani wanamwita Bibi Elisabeti. Sasa macho yamemwangusha. Daktari alisema ni retina, ule utando wa ndani nyuma ya jicho, pale katikati pamechakaa kwa sababu ya umri. Akitazama saa ya ukutani anaona namba zilizozunguka, mishale haioni. Akitaka kuuona uso wangu inabidi atazame sikio.

Jumapili iliyopita kiongozi wa kikundi akampa mtu mwingine nafasi yake, mbele ya wote, eti "mama apumzike". Mama hakujibu. Alirudi nyumbani akakaa jikoni, akawa anachambua mchele kwa vidole mpaka giza likaingia. Sikuweza hata kumsemesha.

Mwanangu anasema yule bibi aliyekuwa bosi wa James Bond naye haoni na bado anaigiza. Ni kweli? Kama ni kweli, maneno anayashikaje?

Mwalimu Mstaafu (Kijenge, Arusha):
Binti yangu, pole, na mama msalimie sana. Ni kweli, macho yalimpotea na bado aliendelea kuigiza kwa miaka. Anaitwa Judi Dench, amezaliwa York huko Uingereza tarehe 9 Desemba 1934. Baba yake alikuwa daktari, na waigizaji wa jumba la maonyesho la mji ule walikuwa wagonjwa wake.

Mwambie mama hili: Judi naye alianzia kwenye maigizo ya Biblia. York wana michezo ya kale inayosimulia kuanzia uumbaji hadi siku ya hukumu, na mwaka 1951 yeye alikuwa malaika. Mwaka 1957 akawa Bikira Maria, na mwaka huohuo akaanza kazi ya kulipwa, akiwa Ophelia katika Hamlet, mchezo wa Shakespeare.

Sisi huku tumemjua kwa Bond, filamu saba kuanzia 1995 hadi 2012. Mimi nilimwona mara ya kwanza kwenye kibanda cha video Ngarenaro, vijana wote wanashangilia magari, mimi namtazama yule mama aliyesimama tu na kusema. Hapo unaona mtu aliyelelewa na jukwaa. Mwaka 1971 alicheza Portia katika ule mchezo ambao Mwalimu Nyerere alitupatia kwa Kiswahili kama Mabepari wa Venisi. Bassanio alikuwa Michael Williams, mume wake, na ndoa walifunga mwaka huohuo.

Mchezo huo niliwahi kuwafundisha kidato cha tatu nikiwa na nakala mbili tu za kitabu. Portia wangu hakupata kulala nacho hata usiku mmoja. Tulikaa chini ya mjakaranda, namsomea sentensi moja, anairudisha, naongeza ya pili, anazirudisha zote mbili. Wiki ya tatu alikuwa anamkumbusha Shylock maneno yake. Tangu hapo naamini maneno ya jukwaani yanaingia kwa sikio na kukaa mdomoni. Macho ni njia mojawapo tu.

Judi naye alifanya vivyo hivyo. Habari ya macho yake aliiweka wazi mwaka 2012. Alikuwa akichapiwa maandishi makubwa, yakawa makubwa zaidi, mwisho nayo hayakusomeka. Basi watu wake wa karibu wakawa wanamsomea, tena na tena, mpaka yashike. Baada ya hapo ameshacheza Malkia Victoria (2017), na kwa filamu ya Belfast ya 2021 aliteuliwa kugombea Oscar akiwa na miaka 87. Kwa hiyo msomee mama. Usimsomee haraka.

Mzawa wa Majengo:
Shikamoo mwalimu. Lakini tuseme ukweli, huyo ana watu wa kumshika mkono. Madhabahuni kuna ngazi, na siku ya igizo taa huwa zinazimwa. Mama wa watu akianguka je? Labda yule kiongozi aliogopa hilo.

Mwalimu Mstaafu:
Marahaba. Hofu yako ina msingi. Juni 2024 mwigizaji Ian McKellen, aliyecheza Macbeth na Judi mwaka 1976, alianguka kutoka jukwaani London katikati ya onyesho, ana miaka 85, akapelekwa hospitali. Lakini kama ni hofu ya ngazi, ngazi ndizo zishughulikiwe. Mama apelekwe mchana, azihesabu kwa miguu yake mara kumi. Na wenzake wazoee kumwelekeza. Mwaka 2015 Judi alitoa maneno yake yote akiuelekea ukuta wa pembeni ya jukwaa, na mwigizaji mwenzake Kenneth Branagh ndiye aliyemwambia baadaye asogee kama futi nane kulia ili aseme naye. Kesho yake wakaendelea na kazi.

Mama wa Kiboriloni:
Jamani, mbona hatusomi Luka? Elisabeti haendi popote! Mariamu ndiye anayesafiri na kuingia nyumbani kwake. Mkalishe mama kwenye kigoda kabla taa hazijazimwa. Tena imeandikwa "Elisabeti aliposikia kule kuamkia kwake Mariamu". Aliposikia! Hahitaji kumwona anayeingia, ni kuitambua sauti tu.

Na asiseme ni sehemu ndogo. Oscar ya huyo Judi ni ya kucheza Malkia Elizabeth wa Kwanza, dakika nane hivi katika filamu nzima.

Binti wa Rau:
Nimewasoma wote, nimelia kidogo. Jana baada ya chai ya jioni nilikaa na mama barazani nikamsomea Luka 1. Nilipofika "kitoto kichanga kikaruka ndani ya tumbo lake" akaninyamazisha kwa mkono. Akasema, "Unapita hapo kama unawahi daladala. Rudia." Nimerudia mara nne. Ya tano akaisema yeye mwenyewe, uso ameugeuzia kwenye migomba, na jirani aliyekuwa anapita na ndoo akasimama.

Alhamisi kuna mazoezi. Naenda naye, na kigoda nakibeba mimi.