Tupeane uzoefu: enzi ya Timothy Dalton katika filamu za James Bond ilikugusaje?

Kanda ya Zamani
Ndugu zangu, nimemsikia mtu akidai kwamba Timothy Dalton alikuwa kiraka tu kati ya Roger Moore na Pierce Brosnan, na tangu hapo sijatulia. Ni kweli alicheza filamu mbili pekee, The Living Daylights ya 1987 na Licence to Kill ya 1989, lakini yeye ndiye aliyenifanya niamini kwa mara ya kwanza kwamba 007 ni mtu anayeweza kufa. Naomba kila mmoja aeleze tukio lililomfanya amkubali au amkatae. Langu ni la Bratislava, pale anapomlenga mdunguaji dirishani, akatambua kuwa ni yule mwanamke mpiga selo, akahamisha shabaha na kuipiga bunduki badala ya mtu. Saunders, jasusi mwenzake, anapotishia kumshtaki kwa M, mkuu wao, Bond anajibu kwamba akifukuzwa kazi atashukuru. Tazameni uso wake hapo: amechoka kweli, wala hajigambi.

Mpenda Moore
Mimi ni miongoni mwa waliomkataa, na sababu ninazo. Moore alitupa filamu 7 kuanzia 1973 hadi 1985, nasi tulitoka kila mara tukiwa na furaha. Kisha akaja huyu bwana mwenye uso wa mfiwa, na kufikia Licence to Kill ya 1989 Felix Leiter, rafiki wa Bond, anatupwa kwa papa, mtu mwingine anapasuka kichwa ndani ya chumba cha mgandamizo, na Sanchez, adui mkuu, anateketea akiwa hai. Nchini Uingereza filamu hiyo ilikatwa baadhi ya vipande na bado ikazuiwa kwa walio chini ya miaka 15, jambo ambalo halikuwahi kuipata filamu yoyote ya Bond kabla yake. Je, hiyo ndiyo burudani tuliyoizoea?

Msomaji wa Fleming
Mkuu, papa huyo hakubuniwa mwaka 1989. Masaibu ya Leiter yamo katika Live and Let Die ya 1954, riwaya ya Ian Fleming aliyembuni Bond, na filamu ya Moore yenye jina hilohilo iliyaruka. Dalton alirudi kwenye vitabu, akamkuta muuaji wa serikali anayeichukia kazi yake, naye akamwigiza huyo.

Mpenda Moore
Kitabu kina wasomaji wake na filamu ina watazamaji wake. Sikulipa kiingilio ili nifanyiwe mtihani wa riwaya.

Kanda ya Zamani
Tusisahau pia kwamba John Glen aliongoza filamu zote 5 za Bond kuanzia 1981 hadi 1989. Katika For Your Eyes Only, ni Moore huyohuyo mnayemsifia upole aliyelisukuma kwa teke gari la muuaji Locque likaporomoka gengeni. Ukali ulikuwepo tayari. Dalton aliubeba bila kuuomba radhi.

Binti wa Sajini
Sikukusudia kuandika, ila kutajwa kwa Saunders kumenikumbusha jambo zito. Baba yangu alikuwa askari, na nyumbani hakuzungumzia kazi yake hata siku moja. Nikiwa bado mtoto tuliitazama kanda ya The Living Daylights pamoja, naye alicheka sana Bond na Kara, yule mpiga selo, walipoteleza juu ya theluji ndani ya kasha la selo mpaka wakavuka mpaka wa Austria. Kisha tukafika Vienna, kwenye bustani ya burudani ya Prater. Mnakumbuka kwamba Saunders, aliyekuwa akimsumbua Bond kwa kanuni zake tangu mwanzo, sasa amemtafutia taarifa aliyoihitaji, na Bond anamshukuru kwa dhati. Saunders anaondoka, mlango wa kioo unamfyatukia na kumuua, na puto linabingirika likiwa na maandishi ya Kirusi yanayowatakia majasusi kifo. Dalton analiokota, analiminya mpaka linapasuka mkononi, kisha anatoka mbio na bastola, na anayejikuta amemwelekezea ni mtoto aliye na mama yake.

Baba aliniamuru nisimamishe kanda, akatoka nje. Nilipomfuata nilimkuta ameketi kwenye ngazi, mikono imekaza magotini, na bila kunitazama akaniambia kwamba aliwahi kuwa na mwenzake aliyetangulia kupita mlango ambao ilikuwa zamu ya baba mwenyewe kuupita. Hakutaja jina wala mahali. Mama alinieleza baadaye kwamba hata yeye hakuwa amewahi kusikia habari hiyo. Tuliporudi ndani, aliniomba nirudishe kanda hadi pale puto linapopasuka, akaitazama tena sura ya Dalton, akasema, "Huyu anajua."

Mtazamaji wa Usiku
Pole sana, dada. Tukio hilo nami huwa linanikaba koo.

Fundi Muziki
Dada, je, mzee alikuja kusimulia zaidi?

Binti wa Sajini
Hapana, kaka. Sikumuuliza tena, na naamini nilifanya vyema.

Mpenda Moore
Nakupa pole ya dhati, dada yangu, na namheshimu mzee. Hata hivyo, naona jeraha lilikuwa la mzee mwenyewe, na filamu ililigusa tu. Hilo halithibitishi ubora wa mwigizaji.

Msomaji wa Fleming
Kuna wakati wa kubishana na wakati wa kunyamaza, mkuu. Isitoshe, mwigizaji anayegusa jeraha la askari wa kweli kwa sekunde chache za uso mtupu, bila neno, amefanya kazi gani kama si kuigiza?

Mpenda Moore
Basi niambieni kuhusu mizaha yake, maana kila akitania unamwona akilisukuma neno litoke.

Kanda ya Zamani
Hilo ni kweli, na hata sisi tunaompenda tunalikubali. Lisilo kweli ni kwamba alifukuzwa. Licence to Kill ilitoka mwaka uleule wa Batman na Indiana Jones, haikufanya vizuri Marekani, kisha migogoro ya kisheria ikausimamisha mfululizo mzima kwa miaka. Dalton alijiondoa mwenyewe mwaka 1994, na Brosnan akaanza na GoldenEye mwaka 1995.

Mgeni Mwenyeji
Wakuu, sijaona hata moja kati ya hizo mbili. Nianze na ipi?

Mtazamaji wa Usiku
Anza na ya 1989, na usiitazame usiku wa kuamkia safari ya baharini.

Msomaji wa Fleming
Usimsikilize. Anza na Casino Royale ya 2006, umwone Daniel Craig akishangiliwa kwa ukali uleule ambao Dalton alilaumiwa kwao, kisha urudi nyuma.

Fundi Muziki
Wote wawili wanakuzungusha. Anza na The Living Daylights, kwa sababu ndiyo filamu ya mwisho ya Bond ambayo John Barry aliitungia muziki. Uvumilie mpaka tamasha la Kara mwishoni, maana anayeiongoza okestra pale ni Barry mwenyewe.

Mpenda Moore
La muziki nalikubali. La Dalton bado.