Gati ya kivuko Lindi: niseme mradi uko tayari kwa usanifu wa kina?

Mpima_wa_Ghuba
Habari za jioni wadau. Mimi ni fundi sanifu wa upimaji, naishi Lindi mjini. Nimewekwa kwenye kikundi cha watu watano cha kupitia nyaraka za gati mpya ya kivuko pamoja na kituo cha daladala na bajaji. Upembuzi yakinifu umekwisha, usanifu wa awali umekwisha. Ijumaa tunatakiwa kusema kama mradi uingie usanifu wa kina au la.

Kinachoninyima usingizi ni ukurasa mmoja wa vipimo vya maji. Vimechukuliwa siku nne tu, na nilipozilinganisha na mwezi mwandamo, zote ziko kati ya tarehe 7 na 10. Maji mafu matupu, siku ambazo bahari hupanda na kushuka kidogo tu! Hakuna hata siku moja ya bamvua, yale maji makubwa, na mteremko wa kushushia magari umechorwa kwa namba hizo hizo. Nimekulia hapa. Bamvua likipwa, pale ufukweni panabaki tope na mwani, na akina mama wanashuka mbali kuchokoa chaza. Kivuko kitatia nanga wapi saa hiyo? Nilipouliza nikajibiwa, "Hayo yatarekebishwa kwenye usanifu wa kina." Mliopitia miradi ya namna hii, ni yapi kweli yanaweza kusubiri?

Mzee_Shangani
Mwanangu, paa linasubiri. Taa, rangi, vigae, mabenchi ya abiria, yote yanasubiri. Mahali, viwango vya maji, udongo na ardhi havisubiri, kwa kuwa kila mchoro utakaofuata unakaa juu yake. Kwenye pwani yetu maji mafu hupanda na kushuka kama mita 1, bamvua hupita mita 3. Ukibadilisha kina cha mteremko umebadilisha nguzo, na nguzo ndizo zinazokula pesa. Gharama waliyokuletea ni ya gati nyingine.

Uliza pia mashimo ya uchunguzi wa udongo yalichimbwa wapi. Kuna kazi niliyoifanya zamani, yote yalichimbwa nchi kavu kwa sababu kukodi jahazi la kubeba mtambo kulionekana ghali. Nguzo zilipofika majini zikazama kuliko mahesabu, michoro ikarudiwa, na msimu mzima wa kaskazi ukatupita tukiwa tumekaa. Iliniuma sana.

Dereva_wa_Kusini
Naunga mkono mzee. Mabasi yaendayo haraka ya Dar yalianza Mei 2016 na karakana yake ikawekwa Jangwani, ndani ya bonde la Msimbazi. Mvua kubwa zilipokuja maji yaliingia. Hilo ni suala la mahali, fundi hodari wa michoro hawezi kulihamisha. Na sisi wa kusini tunakumbuka Mei 2024, kimbunga Hidaya kilipopita na barabara ikakatika Somanga. Hakikisheni mahesabu ya mvua yamegusa mwaka huo.

Dada_Mthamini
Angalia tarehe ya jedwali la fidia, ile orodha ya watakaolipwa kupisha mradi. Chini ya sheria ya uthamini ya 2016, malipo yakipita miezi sita tangu uthamini uidhinishwe, riba inaanza kuhesabiwa, na baada ya miaka miwili uthamini unafanywa upya. Mradi wenye jedwali lililokaribia kufa hauko tayari, hata michoro iwe mizuri namna gani. Na mama lishe na wauza samaki wa pale wamehesabiwa, au wamehesabiwa wenye nyumba peke yao?

Mpima_wa_Ghuba
Shikamoo mzee, na ahsanteni nyote. Dada, nimefungua jedwali: umebaki mwezi mmoja na siku chache kufika miaka miwili. Wauza samaki hawamo kabisa. Nawajua kwa majina, nimenunua kwao tangu nikiwa mtoto, na imenitoa machozi.

Mzee_Shangani
Marahaba. Usiogope kuandika "bado". Marekani, kabla ya sheria ya 2012 kuunganisha hatua, mradi mkubwa mpya wa reli au basi uliotaka ruzuku ya FTA, wakala wa usafiri wa umma wa serikali kuu, ulihitaji kibali cha peke yake cha kuingia usanifu wa mwisho. FTA ilituma wahandisi wasio wa mradi wakague gharama, ratiba, hatari, na kama mwenye mradi ana uwezo wa kisheria, kitaalamu na kifedha. Nanyi watano ndiyo kazi yenu hiyo.

Mpima_wa_Ghuba
Basi naandika bado. Naomba vipimo vya maji vya siku 30 mfululizo, mashimo mawili ndani ya maji, na wauza samaki waorodheshwe kabla ya uthamini mpya. Kesho saa nne asubuhi bamvua litakuwa limekupwa kabisa. Nashuka na mita na kijana wa jirani wa kunishikia fito, nitaweka namba hapa jioni.